Landrova Tuliyoinua Mno

Kosa lilikuwa langu, kwa hivyo nimeona niliandike mwenyewe kabla mjomba hajalisimulia kwa njia yake.

Niko kidato cha tatu, katika shule ya bweni ambayo siitaji kwa sababu naibu wa mwalimu mkuu bado ananitafutia sababu. Mwezi wa Julai nilitumwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kuigiza jinsi anavyotembea, mbele ya paredi nzima. Wasichana walicheka mpaka nikaongeza na kikohozi chake. Kikohozi cha pili sikukohoa mimi. Alikuwa nyuma yangu.

Ndivyo nilivyofika Makindu siku ileile lori lilipokuwa linashusha landrova ya marehemu babu mbele ya karakana ya baba. Niliingia na sanduku langu la shule kichwani na barua ya kusimamishwa masomo mfukoni, na baba hata hakuiuliza. Alisema tu, "Weka sanduku chini ushike hapa."

Babu mwenyewe ni baba ya mama. Aliishi mbele ya Zombe, kule Kitui, ng'ambo ya mto wa mchanga. Landrova aliinunua mnadani zamani sana, mama akiwa bado ananyonya. Alibeba mbuzi, mahindi ya msaada, wanakwaya, na kina mama waliokuwa karibu kujifungua. Mjomba huapa kwamba yeye alizaliwa humo ndani, kando ya jeki, na ukimwangalia kichwa unaweza kuamini. Babu alipofariki, gari lilisukumwa nyuma ya nyumba, likajengewa paa la nyasi, kuku wakahamia. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara nyingi. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya Ukambani, aliwafukuza wote kwa ufagio.

Halafu mwaka huu Susu akachomwa na mwiba mguu wa kushoto. Mwiba ulitoka, kidonda kikabaki. Susu ana sukari, na mtu wa sukari kidonda chake hakina haraka ya kupona. Daktari mjini Kitui alimwambia bila kuzunguka: kidonda kisafishwe hospitalini kila wiki bila kukosa, la sivyo mguu utakatwa. Wakati wa kiangazi aliweza kupelekwa na bodaboda, ingawa kwenye mchanga wa ule mto dereva husukuma pikipiki kuliko anavyoiendesha. Lakini mvua ya Novemba ikianza mto hushuka na maji, na watu wa ng'ambo hukaa huko kwao mpaka maji yaamue.

Sasa mtu atauliza, si mngemhamisha tu? Mama yuko Saudia, anafanya kazi ya nyumba kwa mkataba ambao haujaisha. Mjomba yuko Mombasa, na mchango wake mkubwa ni kutuma vikaragosi vya simu vya mikono inayoomba. Akabaki baba. Na Susu hawezi kulala kwa baba.

Hiyo ni nthoni. Ni heshima, lakini ukisema heshima peke yake umeipunguza. Mwanamume hamshiki mkono mama mkwe wake, haketi naye benchi moja, haingii anakolala, na mama mkwe naye hali wala halali nyumbani kwa mkwe wake hivihivi. Siku hizi wengi wameachana nayo. Mwalimu wetu wa dini humkumbatia mama mkwe wake kanisani na kuweka picha. Baba yangu si wa hao. Ameoa miaka mingi kuliko umri wangu na nadhani hajawahi kumwangalia Susu usoni. Akienda kumsalimia hukaa nje, karibu na ghala, akiangalia upande wa mashamba, na maneno yao hupitia kwangu hata wakiwa hatua tatu.

"Muulize mama kama ng'ombe alizaa," baba anasema.

"Mwambie alizaa ndume," Susu anasema.

Mimi nikiwa katikati huwa nawatafsiria kutoka Kikamba kwenda Kikamba. Siku moja nilibadilisha, nikamwambia baba kwamba Susu amesema ng'ombe amezaa mapacha na mmoja anafanana na yeye. Susu alijifunika leso mdomoni mabega yakimtikisika. Baba aliangalia mashamba zaidi.

Kwa hiyo hata lile gari Susu hakumpa baba moja kwa moja. Alimpigia mama Saudia, mama akampigia baba Makindu: "Mama anasema uchukue lile gari la baba ulifufue. Anasema akipelekwa hospitalini na gari la mume wake, hakuna mtu ameingia deni la aibu."

Baba ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, madirisha, na mikokoteni ya punda. Gari zima hajawahi kufufua. Aliizunguka ile landrova mara tatu, akapiga mlango teke kidogo, kutu ikamwagika, akasema, "Hii ni mkokoteni tu. Tofauti ni kwamba ilienda shule."

"Hata mimi nilienda shule, na ona," nikamwambia. Hapo ndipo aliponyoosha mkono akaomba ile barua.

Adhabu yangu ikawa landrova. Nilitoa viota vya kuku, nikatoa nyoka aliyekauka kwenye bomba la moshi, nikasugua kabureta na mswaki wangu wa zamani. Tangi la mafuta lilikuwa na kutu ndani, basi baba akatia changarawe na maji ya sabuni, akalifunga, akaniambia nilibingirishe uani mpaka achoke yeye. Injini ilikuwa imekwama kabisa. Tulimwaga mafuta ndani ya silinda, tukaiacha wiki nzima, kisha tukaweka gia na kulisukuma gari mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama watu wanaomwamsha mlevi. Siku ya tatu kitu ndani kikasema *tok*. Baba aliweka sikio kwenye boneti na kunyoosha kidole juu ili ninyamaze, na kwa mara ya kwanza nikanyamaza bila kuahidiwa kitu.

Mchana tulikuwa tunaenda kula kwenye hekalu la Kalasinga, wale Wahindi wa vilemba, ambako kila msafiri hupewa chapati na dengu bila kuulizwa anasali wapi. Mimi nilikuwa msafiri kila siku. Mzee mmoja anayegawa chakula aliniuliza, "Bado hujafika tu huko unakoenda?" Nikamwambia gari letu linasumbua. Si ukweli huo?

Likizo ya Agosti nilipata tena nafasi, safari hii bila barua. Injini ilikuwa inawaka. Baba alikuwa ameziba chesisi kwa mabati mazito, amebadilisha breki, na nyaya zote alizitoa kwenye pikipiki zilizokufa. Gari lilikuwa limesimama pale uani kwa urefu wake wa zamani, lenye adabu, limekaa chini.

Na hapa ndipo ninapoingia mimi.

Nilikuwa nimeangalia video nyingi za watu wanaopita jangwani na matopeni na magari yaliyoinuliwa, magurudumu mpaka kiunoni. Nikamwonyesha baba. Akaangalia, akarudisha simu.

"Yetu itatosha ilivyo. Babu yako alivuka ule mto nayo miaka yote."

"Baba, kwani hii ni gari ama ni kuku ameotamia?"

Alicheka. Sikutarajia. Baba akicheka huwa unataka kuendelea, maana tangu mama aende Saudia hafanyi hivyo mara nyingi. Nikaendelea. Nikasema gari likiingia mtoni likiwa hivi samaki watatuuliza tumekuja kufanya nini. Nikasema wanakijiji watadhani tumeleta jiko. Jioni ile nilimwona amechuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, anapima na shubiri.

Akaliinua. Aliongeza majani ya springi, zile bapa za chuma zinazobeba gari, aliyotoa kwenye pikapu iliyoanguka barabarani, akachomelea vishikio virefu zaidi, akanunua magurudumu makubwa kwa mzee mmoja Msomali wa malori ya mbuzi, yuleyule aliyetuletea landrova kutoka Zombe. Akapandisha bomba la hewa kutoka kwenye injini mpaka juu ya paa, ili hata maji yakifika kwenye boneti iendelee kupumua. Nyuma alitengeneza kitanda cha chuma, na godoro lililovishwa ngozi ya plastiki, na mahali pa kuegemeza mguu ukiwa juu, kama vile daktari alivyoagiza. Kile kitanda alikirudia mara mbili kwa sababu kona moja ilikuwa na ncha. Akaipitishia mkono, akasema, "Hii inaweza kumkwaruza mtu," akawasha grinda tena.

Tulipomaliza nilipanda juu ya boneti nikapiga picha, nikaiweka mtandaoni. Darasa letu zima waliiona. Mmoja aliandika, "Hiyo ni gari ama ni ghorofa?" Nilifurahi siku mbili.

Mlango wa nyuma sasa ulikuwa usawa wa kifua changu. Mimi huruka nikiingia. Baba huweka mguu kwenye bampa na kujivuta. Na katika miezi hiyo yote, kwa vipimo vyote vya chuma na maji na mchanga, hakuna aliyeuliza Susu atapandaje.

Nimefikiria sana jambo hili. Baba sidhani angeweza kuuliza. Hajui Susu anainua mguu kiasi gani, kwa sababu miaka yote hiyo akitembea yeye huangalia pengine. Angemchora mama mkwe wake, angechora leso. Lakini mimi nimeosha ile miguu. Nimemshika mkono akipanda kizingiti cha jikoni, ambacho ni tofali moja, na nimesikia anavyovuta pumzi. Mimi nilijua. Nilikuwa tu nafurahia ghorofa.

Novemba shule ilipofungwa mvua zilikuwa zimechelewa. Tulitoka Makindu Jumamosi, tukashika njia ya Kibwezi, Ikutha, Mutomo, tukalala Kitui kwa rafiki ya baba. Jumapili asubuhi tulikuwa mtoni. Mchanga ulikuwa mkavu na mweupe, punda wamesimama kwenye visima, watoto wanaowanywesha wakilicheka gari letu. Baba alipunguza upepo kwenye magurudumu, akaweka gia ya chini, tukavuka kama tunapita sebuleni. Nilipiga kelele mpaka baba akasema, "Basi, sio wewe unaendesha." Lakini alikuwa anatabasamu.

Ng'ambo alisimama, akashuka, akaangalia upande wa juu wa mto. Kule vilimani mawingu yalikuwa meusi.

"Kule inanyesha," akasema. "Tuingie, tumchukue, tutoke. Maji yatachukua kama saa mbili kufika hapa."

Susu alikuwa ameketi mlangoni, amevaa nguo ya kanisani, mkoba magotini. Mguu umefungwa bendeji na juu yake mfuko wa nailoni. Ile harufu ilinifikia kabla sijamkumbatia. Wiki hiyo dereva wa bodaboda alikuwa mgonjwa, na Susu hakumwambia mtu kwamba hakwenda hospitalini. Jirani anayemsaidia na watu wote wa karibu walikuwa wameenda kwenye mkutano wa injili sokoni. Tulikuwa watatu tu na mbuzi.

Alinyanyua kichwa akaliangalia gari la mume wake. Akaangalia magurudumu. Akaangalia mlango wa nyuma, ambao mimi nilikuwa nimeufungua kwa maringo.

"Mungu wangu," akasema. "Mlilipandisha liende wapi?"

Nilileta kigoda. Nikamshika kwapani, akaweka mguu mzima juu ya kigoda, akabaki pale, mlango ukiwa bado usawa wa titi lake. Nilileta kiti cha jikoni. Kupanda kiti kulihitaji mguu mbovu usimame peke yake kidogo. Alisema tujaribu. Baba alikuwa amesimama karibu na ghala, mgongo kwetu, anatoa maagizo kwa ghala.

"Mwambie mama ashike chuma cha juu."

"Nimesikia," Susu akamwambia mbuzi.

"Mwambie asiweke uzito kushoto."

"Kwani kulia kuna nini hapa, Baba?" nikafoka. "Hewa?"

Akaweka uzito kushoto. Hakupiga kelele. Alitoa tu sauti ndogo ya mtu aliyeguswa na kitu cha moto, mkono wake ukaniponyoka, tukakaa chini wote wawili, yeye juu yangu. Nilipoangalia, mfuko wa nailoni ulikuwa na damu ndani.

"Baba, mbebe!"

Baba hakugeuka. Niliona masikio yake tu.

"Mbebe! Ni dakika moja! Utafunga macho!"

"Siwezi," akasema, na sauti haikuwa ya mtu mgumu. Ilikuwa ya mtu aliyeambiwa akate mkono wake.

"Asinibebe," Susu akasema kutoka mavumbini. "Nimekaa na heshima yangu mpaka uzee huu. Sitaibebesha mtu leo."

Nami, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikasema, "Susu, nthoni ni ya watu wenye miguu miwili."

Nimesema vitu vingi vibaya maishani mwangu na vingi vilichekesha. Hiki kilikaa tu. Susu alinipapasa shavu kwa kiganja chenye vumbi, polepole, kama anayefuta masizi kwenye sufuria, akasema, "Ninyanyue, mfupa wako unaniumiza nyonga." Afadhali angenipiga.

Nilimrudisha kwenye kiti. Nilipoinuka baba hakuwepo. Nilidhani ametuacha; kweli nilidhani hivyo, na nikamtukana kimoyomoyo kwa Sheng. Kisha nikamwona chini shambani, anatembea kando ya matuta, anasimama, anaangalia gari, anaangalia tuta, anatembea tena.

Mashamba ya kwetu yote yamekatwa matuta ili maji ya mvua yasikimbie na udongo. La Susu lilichimbwa na babu. Kati ya ngazi moja ya shamba na ile ya chini yake kuna ukuta wa udongo, mahali pengine wa goti, mahali pengine wa kifua. Baba alikuwa anatafuta wa kifua.

Alikuja mbio akaliwasha gari, akalizungusha mpaka ngazi ya chini, akalirudisha nyuma kwa ile gia ya chini hadi bampa likagusa ukuta wa tuta. Mlango wa nyuma ukawa karibu sawa na ardhi ya juu. Karibu, si sawa. Akachukua jembe akaanza kukata ukingo. Mimi nikaleta koleo. Tulichimba pamoja. Jasho lilikuwa linamdondoka puani na aliangalia juu kila mara, kule vilimani.

Susu nilimleta kwa wilbaro ya mbolea, niliyoitandika blanketi. Njiani aliwapungia mkono mbuzi. "Hata bibi harusi hawezi kupata hii," akasema. Nilijaribu kucheka. Tulipofika ukingoni baba alikuwa ameshaondoka, amekaa kwenye usukani anaangalia mbele, kioo cha ndani amekigeuza juu. Nilimshika, Susu akajisogeza kwa makalio, kidogo kidogo, kutoka kwenye ardhi ya mume wake kuingia kwenye gari la mume wake, akalala kwenye kile kitanda. Mguu niliupandisha mahali pake. Ulikaa sawasawa.

"Mwambie kitanda ni kizuri," akaninong'oneza.

Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamefika.

Mtu ambaye hajaona mto wa mchanga ukishuka hawezi kuelewa. Saa mbili kabla ulikuwa barabara. Sasa ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo, unanguruma, na pale tulipovuka tukicheka palikuwa na mti mzima unapita ukijigeuza. Kwenye ukingo watu walikuwa wameshasimama wanaangalia. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisema, "Mmeukosa kwa kitambo kidogo. Umefika sasa hivi tu, muda wa mtu kunywa uji."

Baba alizima injini. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani akalaza paji la uso juu yake. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, Ni wewe na ghorofa yako. Nilikuwa hata nimeandaa machozi. Badala yake alishuka akaenda kumuuliza yule mzee maji kama haya huchukua muda gani kupungua.

Yalichukua hadi kesho yake karibu saa sita mchana. Susu hatukumshusha; tungemshusha tungempandishaje tena? Alikaa ndani ya landrova, nikiwa naye, na joto la mwili likapanda mpaka ukigusa bendeji unahisi. Alikuwa anaongea na babu kuhusu mbuzi waliokufa zamani. Mimi nilijibu kwa niaba ya babu. Hiyo haikuwa mchezo. Alitaka mtu ajibu.

Maji yaliposhuka mpaka pajani baba aliyaingia kwa miguu, na fimbo, akipiga mchanga chini kutafuta ulipo mgumu, akienda na kurudi mara nne, akiacha matawi ya alama. Kisha tukavuka. Maji yaliyosukumwa na bampa yalipanda mpaka kwenye taa. Bomba lake la hewa lilifanya kazi, magurudumu yangu ya ghorofa yalifanya kazi, kila kitu tulichoongeza kilifanya kazi yake barabara, na watu ng'ambo walipiga makofi. Ni mimi tu sikupiga kelele safari hii. Nilikuwa nyuma nimeshika ule mguu.

Hospitalini Kitui walimkata vidole vitatu na sehemu ya unyayo. Mguu wenyewe umebaki.

Nilimfuata daktari kwenye ukumbi. Nilimuuliza kama tungemleta Jumapili ingekuwa vidole vingapi. Aliniangalia, akaona sare yangu ya michezo ya shule, akauliza niko kidato gani. Nikamwambia.

"Alikosa wiki nzima kabla ya hapo," akasema. "Labda vitatu hivyohivyo. Labda kimoja. Sijui, na wewe hutajua. Nenda ukae naye."

Mama alipiga simu jioni. Baba aliongea naye akiwa amesimama nje ya wadi, kwa sababu ndani hakuingia siku zote hizo. Alikuwa anakaa kwenye benchi la nje na kupeleka uji mpaka mlangoni. Nilimsikia akisema, "Tulicheleweshwa na mto." Akasikiliza. "Hapana. Gari lilikuwa sawa. Mto tu." Akanipa simu bila kuniangalia. Mama akaniuliza, "Ilikuwa mto?" Nikasema ndiyo. Mpaka leo sijamwambia vingine, na nikimaliza kuandika hii itabidi nimtumie.

Susu alitoka hospitalini kabla ya Krismasi. Kidonda kipya kinapaswa kusafishwa mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa, na mvua bado inanyesha, kwa hivyo baba amefunga karakana Makindu kwa muda na kuhamishia mashine yake ya kuchomelea sokoni Zombe, kwa jamaa mwenye umeme. Analala hukohuko. Siku ya kwanza alipokuja kuchukua gari, lililokuwa limebaki uani kwa Susu, alinipa kamba ya katani.

"Nenda umpime."

"Nimpime nini?"

"Anainua mguu mpaka wapi. Ule mzuri, na ule mwingine. Ufunge mafundo." Akageuka akaanza kuongea na gurudumu. "Mimi sijui. Wewe unajua."

Nilimkuta Susu jikoni. Nilimweleza. Nilidhani atakataa au atatania, lakini alisimama, akashika bega langu kwa mkono mmoja na nguzo kwa mwingine, akainua mguu wa kulia. Nikafunga fundo. Kisha ule wa kushoto, uliofungwa kama mtoto mchanga. Ulipanda kidogo tu.

"Ngoja," akasema. "Hapo si mwisho."

Akauinua tena. Ulifika juu zaidi, ukitetemeka, na kucha zake zikaingia begani mwangu kupitia sweta. "Haya, funga," akasema akiwa ameuma meno.

Nilifunga kule chini, pale uliposimama mara ya kwanza bila kumuuma. Aliona. Nilingoja anigombeze.

"Umenipunguzia," akasema.

"Ndiyo, Susu."

"Sawa." Akakaa.

Baba aliichukua kamba, akainyoosha kutoka ardhini kwenda juu, akaangalia lile fundo la pili kwa muda mrefu. Lilikuwa chini ya goti langu. Siku mbili alikuwa sokoni na grinda. Aliondoa majani yote ya springi aliyoongeza, akakata vile vishikio virefu, akarudisha magurudumu ya zamani, na nyuma akachomelea ngazi tatu za chuma pana, zilizovishwa mpira wa tairi ili zisiteleze, na chuma cha kushika pande zote mbili. Gari lilirudi likiwa limekaa chini kabisa. Mto ukijaa sana halitavuka tena, nilimwambia. Akasema anajua, wataondoka mapema, siku moja kabla, kila wakati, hata kama ni kukaa Kitui.

Alilisimamisha karibu na mlango wa jikoni, akazima, akashuka, akatembea mpaka mwisho wa ua akasimama akiangalia shamba. Susu aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Akapumua. Nilikuwa nyuma yake na mikono wazi, sikumgusa, kwa sababu alisema nisimguse.

"Amepanda?" baba akauliza kutoka kule.

"Ngazi ya kwanza," nikasema.

Akangoja.

"Na sasa?"

"Ya pili."